Majeruhi wa Kazini na Kisingizio cha Elimu

Katika mijadala ya fidia ya wafanyakazi nchini Tanzania na Kenya kuna kauli moja inayorudiwa na watu ambao katika mambo mengine yote hawapatani: kwamba wanaoumia kazini hukosa mafao yao kwa sababu hawajui haki zao. Maofisa wa serikali huisema wanapofungua semina, viongozi wa vyama vya wafanyakazi huisema kwenye majukwaa ya Mei Mosi, waajiri huiitikia kwa kichwa, na magazeti hufungia nayo habari kwa sentensi ile ile ya kutaka elimu zaidi itolewe. Ni rahisi kuona kwa nini kauli hiyo imependwa kiasi hicho. Haimlaumu yeyote aliyemo ukumbini, haimgharimu mwajiri, haidai sheria iguswe, na dawa inayoiagiza, yaani warsha, vipeperushi na vipindi vya redio, ni dawa ambayo fedha zake hupatikana bila ugomvi. Makala hii inaipinga. Hoja yake ni kwamba mfanyakazi aliyeumia, hasa kibarua, kwa kawaida anajua vya kutosha kwamba kuna kitu anastahili kulipwa. Anachokosa ni njia ya kulithibitisha dai lake bila kupitia mikononi mwa mtu mwenye sababu nzuri za kutaka dai hilo lisiwepo, na ukimya wake, unaoitwa ujinga, mara nyingi ni matokeo ya hesabu aliyoipiga sawasawa.

Ili hoja hiyo ieleweke ni lazima kueleza kwanza fidia ya kazini ni kitu gani, maana hata wanaoitetea huizungumzia kana kwamba ni huruma iliyowekewa mihuri. Katika Uingereza ya karne ya 19 mfanyakazi aliyekatwa mkono na mashine alikuwa na njia moja tu, nayo ni kumshtaki mwajiri na kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Mahakama zilimwekea vikwazo vitatu: kwamba aliyekubali kazi ya hatari amekubali na hatari yake, kwamba uzembe wake mwenyewe, hata uwe mdogo, ulitosha kufuta dai lake, na kwamba aliyeumizwa kwa kosa la mfanyakazi mwenzake hakuwa na la kumdai mwajiri, kanuni ambayo chimbuko lake ni kesi ya Priestley dhidi ya Fowler ya mwaka 1837. Ujerumani ya Bismarck iliachana na mtindo huo mwaka 1884 kwa kuanzisha bima ya ajali iliyogharamiwa na waajiri, na Uingereza ikafuata kwa sheria ya mwaka 1897, ambayo haikuunda bima ya taifa ila ilimtwika mwajiri wa viwandani, migodini na kwenye reli wajibu wa kulipa bila kuuliza kosa ni la nani. Msingi wa sheria za namna hii hadi leo ni mapatano. Mfanyakazi anaiacha nafasi ya kushinda fidia kubwa mahakamani, mwajiri anauacha utetezi wa kwamba hakukosea, na yanabaki maswali mawili ya kujibiwa: je, huyu ni mwajiriwa, na je, ameumia kwa sababu ya kazi? Utaratibu huo huitwa fidia isiyozingatia kosa, na uzuri wake wote umo katika urahisi wa maswali hayo mawili.

Tanzania Bara iliachana na utaratibu uliorithiwa kutoka enzi za Mwingereza kwa kutunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 20 ya mwaka 2008, ambayo iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaojulikana zaidi kwa herufi zake WCF. Mfuko ulianza kukusanya michango ya waajiri Julai 2015 na kuanza kulipa mafao mwaka mmoja baadaye. Zanzibar ina sheria yake yenyewe. Mafao yaliyowekwa na sheria hiyo ni mapana: gharama za matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo ya msaidizi kwa asiyejiweza kuoga wala kula peke yake, huduma za utengamao, yaani zile za kumrudishia majeruhi uwezo wa kufanya kazi na kujitegemea, gharama za mazishi, na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki. Aliye nje ya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ukiisoma ukiwa umekaa kitini, ni sheria nzuri, na hakuna haja ya kuinyima sifa yake. Kasoro yake haimo katika orodha ya mafao. Imo katika njia ya kuyafikia, ambayo inamtaka mfanyakazi amjulishe mwajiri, na mwajiri ndiye autaarifu Mfuko, aeleze ajali ilivyotokea, athibitishe kwamba aliyeumia ni mtu wake na kwamba mshahara wake ni kiasi fulani. Hata pale ambapo majeruhi au ndugu yake anawasilisha dai mwenyewe, nyaraka zinazolipa dai hilo uzito zimefungiwa kwenye kabati la ofisi ile ile.

Hapo ndipo yale mapatano ya karne ya 19 yanapogeuzwa kinyume. Mfanyakazi aliondolewa mzigo wa kuthibitisha, yaani jukumu la kuleta ushahidi, kuhusu kosa la mwajiri. Lakini kwa vibarua wa leo mzigo huo umerudi kwa mlango wa nyuma, ukiwa mzito kuliko awali, kwa kuwa sasa anatakiwa kuthibitisha kwamba aliajiriwa. Aliyemshtaki mwajiri wake mwaka 1890 angalau hakuambiwa kwamba hajulikani kiwandani.

Saa za kwanza baada ya ajali zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndizo zinazoamua karibu kila kitu na ndizo ambazo semina haizigusi. Saidia fundi aliyekatwa vidole na grenda kwenye saiti ya ujenzi hafikishwi hospitali na yeye mwenyewe. Anapelekwa na fomeni, kwa gari la saiti au kwa bodaboda, mkono ukiwa umefungwa kwa fulana ya mwenzake. Kwenye dirisha la mapokezi ni fomeni anayejibu maswali, ni fomeni anayelipia faili, na kama kuna dawa za kununua nje ni yeye anayezikimbilia. Katika daftari la wagonjwa na kwenye cheti cha mgonjwa kunaandikwa jeraha na tiba yake. Chanzo huandikwa kwa neno moja au mawili, "amejikata" au "ameanguka", na ni mara chache mahali pa tukio panatajwa, kwa sababu mganga anashughulika na damu inayotoka na hana kazi na sheria ya fidia. Kuna majeruhi ambao njiani wameshaelekezwa waseme wameumia nyumbani, na wao hulikubali jambo hilo bila ubishi kwa kuwa aliyewaelekeza ndiye mwenye pesa ya matibabu mfukoni. Daktari hutoa karatasi ya mapumziko, ile ambayo wafanyakazi wengi huiita ED, yenye idadi ya siku na sahihi, na karatasi hiyo hukabidhiwa fomeni aipeleke ofisini. Mwezi mmoja baadaye, dawa zimekwisha na vidole havikunji, majeruhi anapoanza kuuliza habari za fidia, ushahidi wa mwanzo kabisa wa dai lake ni cheti ambacho ama hakisemi chochote kuhusu kazi ama kinasema kinyume chake, na ED ambayo nakala yake hana.

Mtu anaweza kujiuliza ni elimu gani ingemwokoa huyo. Hata angekuwa ameikariri sheria kifungu kwa kifungu, mkono wake ungekuwa unavuja damu vile vile na mfuko wa suruali yake ungekuwa mtupu vile vile. Zaidi ya hayo, katika saa zile mwajiri aliyelipia mishono amejijengea nafasi ya mfadhili, kwa kuwa matibabu ambayo ni fao la kisheria, lililokwishalipiwa michango kama mwajiri amesajiliwa, sasa yanaonekana kuwa wema wa bosi. Na anayekuja baadaye kudai fidia juu ya wema huo huonekana, hata kwa wenzake kibarazani, kuwa mtu asiye na shukrani. Aibu hiyo hufanya kazi kubwa kuliko ujinga wowote, na haiondolewi na kipeperushi.

Baada ya cheti cha hospitali hufuata suala la mshahara. Mafao hukokotolewa kutokana na mshahara, na mshahara huthibitishwa kwa hati ya malipo, ambayo kibarua anayelipwa kwa siku, mkononi, kwa kutia dole gumba kwenye karatasi anayobaki nayo nyapara, hanayo. Hata mwenye hati mara nyingi ana hati isiyosema ukweli. Chukua mfano wa mchomeleaji anayepokea shilingi 900,000 kwa mwezi, ambazo 500,000 zimeandikwa kuwa mshahara na 400,000 hutolewa kwenye bahasha kwa jina la posho, ili michango na kodi zihesabiwe kwenye kiasi kidogo. Siku zote alizokuwa mzima mpango huo ulimfaa yeye kama ulivyomfaa mwajiri, au ndivyo alivyoambiwa. Akiumia, asilimia 70 ya kilichoandikwa ni shilingi 350,000, ilhali asilimia 70 ya alichokuwa akilisha nacho familia ni 630,000. Na tofauti hiyo ya shilingi 280,000 kila mwezi hawezi kuidai bila mwajiri kukiri kwa maandishi kwamba alikuwa akificha mishahara. Hakuna mwajiri atakayekiri hivyo kwa sababu tu ameombwa vizuri.

Halafu kuna swali la mwajiri ni nani. Kwenye jengo la ghorofa linaloinuka Kariakoo au Dodoma, mwenye mradi amempa kazi mkandarasi mkuu, mkandarasi mkuu amewapa wakandarasi wadogo sehemu za kazi, na mkandarasi mdogo amekubaliana bei na fundi mkuu ambaye huja na vijana wake. Kijana akianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, kila mmoja katika mnyororo huo humwonyesha aliye chini yake, mpaka lawama inamfikia fundi ambaye hana ofisi, hana usajili na pengine amelala wodi moja na majeruhi wake. Anayesema kwamba kijana huyo hajui haki zake anapaswa kwanza kueleza ni nani kati ya watu hao wanne angemdai kama angezijua.

Inaweza kujibiwa kwamba sheria inamlinda anayedai. Inamlinda baadhi ya wakati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwachisha mtu kazi isivyo halali, lakini kifungu cha 35 kinawaondoa kwenye kinga hiyo wafanyakazi wenye chini ya miezi sita kazini, na kanuni za usuluhishi na uamuzi zinataka mgogoro wa kuachishwa kazi ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kibarua wa miezi minne anayefikiria kumripoti mwajiri wake anaweka kwenye mizani fao ambalo hana uhakika nalo, litakaloamuliwa kwa nyaraka asizokuwa nazo, dhidi ya ujira wa kesho ambao una uhakika wa kupotea. Akinyamaza, anaweza kupewa kazi nyepesi ya kulinda geti mpaka mkono upone, na jina lake likabaki safi kwa mafundi wengine wanaoitana kwa simu kila saiti mpya inapofunguliwa. Huyo hajashindwa kuielewa sheria. Ameielewa kuliko wanaomfundisha, kwa kuwa yeye ameisoma pamoja na mazingira yake.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote dhidi ya hoja ya ujinga unatoka Kenya. Huko, kabla ya Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, mfanyakazi aliyeumia aliweza kumshtaki mwajiri mahakamani kwa uzembe badala ya kufuata utaratibu wa fidia ya kisheria. Sheria mpya, katika kifungu cha 16, ilitaka kuifunga njia hiyo na kuyapeleka madai yote kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Chama cha Wanasheria kilipinga. Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu kadhaa kuwa kinyume cha katiba mwaka 2009, Mahakama ya Rufani ikatengua sehemu kubwa ya uamuzi huo Novemba 2017, na Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala Desemba 2019 kwa kukubaliana na Mahakama ya Rufani. Katika miaka hiyo yote ya mvutano, ripoti za kesi za Kenya zilijaa madai ya wakata miwa, wachuma majani ya chai na vibarua wa viwandani waliosema hawakupewa glovu, mabuti au miwani ya kukinga macho. Hao ni watu wa kiwango kile kile cha elimu, wenye kazi zile zile na mishahara ile ile, ambao tunaambiwa hawajui haki zao. Walizijua za kutosha kuwapeleka waajiri wakubwa mahakamani.

Wapinzani huwahi kusema kwamba hao hawakujua chochote, walikuwa wakivutwa na mawakili waliowinda majeruhi ili wale sehemu ya fidia. Tuhuma hiyo ina ukweli ndani yake, na kwa majeruhi wengine wakili alikula zaidi ya mwenye jeraha. Lakini anayeitoa amekwisha kukubali hoja ya makala hii bila kutaka, kwa sababu amekiri kwamba kilichowafikisha majeruhi kwenye dai kilikuwa mtu wa tatu mwenye maslahi ya dai kufanikiwa, aliyekuwa tayari kutafuta shahidi, kulipia ripoti ya daktari na kumkabili mwajiri pasipo kuogopa kunyimwa kazi. Mahakama ilimruhusu majeruhi kuthibitisha ajira yake kwa kiapo na kwa mashahidi. Mlango huo ulipofungwa, Kenya ilibaki na sheria yenye ahadi nzuri, fidia ya mishahara ya miezi 96 kwa aliyelemaa kabisa au kwa wategemezi wa aliyekufa, dai la kuwasilishwa ndani ya miezi 12 na kulipwa ndani ya siku 90, na yenye mwanzo ule ule wa Tanzania: taarifa ya mwajiri. Tofauti ni kwamba Kenya anayelipa ni mwajiri mwenyewe au kampuni ya bima aliyoichagua, hivyo anayetakiwa kuripoti ajali ndiye anayedaiwa pesa kwa sababu ya ripoti hiyo. Kwamba mpango wa namna hii huhitaji elimu ya wafanyakazi ili ufanye kazi ni dai la kushangaza kidogo.

Watetezi wa mfumo wa Tanzania watasema, na kwa haki, kwamba Mfuko wa pamoja uliundwa kuondoa mgongano huo wa maslahi: mwajiri akishalipa michango, fidia hutoka kwenye Mfuko, kwa hiyo hana sababu ya kuficha ajali. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya elimu na inastahili jibu lake. Ni kweli kwamba mwajiri mkubwa aliyesajiliwa, anayelipa mchango kwa mishahara yote na mwenye ofisi ya rasilimali watu, hapotezi mengi kwa kuripoti, na ndiyo maana madai ya wafanyakazi wake, kama vile wa migodi mikubwa na mabenki, huwa na njia iliyonyooka. Kwa mwajiri wa aina nyingine ripoti ya ajali ni kama kujiandikia hati ya mashtaka. Mchango hutozwa kwa asilimia ya jumla ya mishahara, kwa hiyo jina la majeruhi lisiloonekana kwenye orodha iliyotumwa kwenye Mfuko linaibua swali la majina mangapi mengine hayaonekani. Ajali inaweza kuwaleta wakaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, ambao watauliza kwa nini grenda haikuwa na kinga yake. Na mshahara uliotajwa kwenye dai unaweza kulinganishwa na ule uliotajwa kwa mamlaka ya kodi. Mfuko umemwondolea mwajiri gharama ya jeraha. Haukumwondolea gharama ya kuonekana, na hiyo ndiyo anayoiogopa.

Hofu ya udanganyifu, kwamba milango ikifunguliwa wafanyakazi watajiumiza au watajifanya wagonjwa, haihitaji kurefushiwa maneno. Kidole hakikatwi kwa ajili ya asilimia 70 ya mshahara, kiwango cha ulemavu hupimwa na daktari aliyefunzwa kwa kazi hiyo, na hata kwa anayejiumiza kwa makusudi sheria zimekwisha kuweka mipaka: ile ya Kenya, kwa mfano, inamnyima fidia aliyesababisha ajali kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, isipokuwa pale ajali ilipoleta ulemavu mkubwa au kifo, kwa kuwa watunga sheria waliona kwamba watoto wa marehemu hawakuwa na kosa. Neno "uzembe", ambalo fomeni hulitoa haraka kila mtu anapoumia, halina nafasi katika fidia isiyozingatia kosa, na anayelitumia kumtisha majeruhi anajaribu kuyafufua yale mashauri ya kabla ya mwaka 1897.

Magonjwa ya kazini yako katika hali mbaya zaidi. Mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka huko Mererani au kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huanza kukohoa wakati shimo limekwisha kubadilisha mmiliki mara kadhaa, na dalili za mapafu yaliyokakamaa kwa vumbi hufanana kiasi cha kutosha na za kifua kikuu kumfanya atibiwe kifua kikuu bila swali la kazi kuulizwa. Kumdai taarifa ya mwajiri mtu wa namna hiyo ni kumdai kisichokuwepo.

Lililo zuri ni kwamba sheria za Tanzania zenyewe zimekwisha kuonyesha namna ya kutoka hapo, ila zana hizo zimeachwa kwenye chumba kingine. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kimeweka dhana ya ajira, maana yake mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo lipo hata jambo moja kati ya saba, miongoni mwao kwamba namna yake ya kufanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, kwamba amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba anamtegemea kiuchumi, au kwamba hupewa naye vifaa vya kazi. Saidia fundi aliyeshika grenda ya mkandarasi ameingia ndani ya kifungu hicho bila hati yoyote. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, katika kifungu cha 15, inasema mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi au maelezo ya ajira katika shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake. Bunge, kwa maneno mengine, lilijua tangu mwaka 2004 kwamba asiyetunza kumbukumbu hapaswi kunufaika kwa kutokuwepo kwa kumbukumbu hizo. Ni jambo gumu kulielewa kwamba kanuni hiyo humlinda kibarua anapogombea mshahara wa mwezi mmoja kwenye Tume, kisha anapopoteza jicho anatakiwa kuleta hati ya malipo.

Kuzitumia kanuni hizo kwenye madai ya fidia kungebadilisha mambo mengi kwa gharama ndogo. Ingetosha majeruhi kutoa maelezo yake na ya mashahidi wawili waliokuwa naye, na mwajiri ndiye angeitwa kukanusha ajira au kiasi cha mshahara kwa kumbukumbu zake. Asiyekuwa nazo angechukuliwa kuwa amekubali. Hospitali na zahanati zingetakiwa, kwa kila jeraha, kuuliza na kuandika kama mgonjwa alikuwa kazini, kwa nani na wapi, akiulizwa peke yake, na maandishi hayo yangehesabika kuwa taarifa kwa Mfuko bila kusubiri mwajiri. Jambo hilo si geni kwa madaktari wa Tanzania, ambao kwa miaka mingi wamepokea majeruhi wa ajali za barabarani na wa kupigwa wakiwa na PF3, fomu ya polisi inayounganisha jeraha na tukio lake. PF3 ina kero zake, lakini hakuna anayesema kwamba jeraha haliwezi kuandikiwa chanzo. Kwenye ujenzi, mkandarasi mkuu angehesabiwa kuwa mwajiri wa kila aliyeumia ndani ya uzio wake, kisha yeye mwenyewe amalizane na fundi aliyemleta. Na kama fedha za elimu zitabaki, wa kwanza kufundishwa awe mganga wa zahanati iliyo jirani na saiti, maana mstari mmoja wa kalamu yake kwenye cheti una thamani kuliko semina nzima ya hotelini.

Elimu kwa wafanyakazi haina ubaya, na kuna mambo ambayo ni lazima wayajue, kama vile kutunza nakala ya kila karatasi. Tatizo linaanza pale inapofanywa jibu la kwanza na la mwisho, kwa sababu huuhamishia wajibu upande wa aliyeumia: asipolipwa, ni kwamba hakuhudhuria.

Kuna hesabu moja ya mwisho ambayo hoja ya ujinga imeificha. Mfuko ulipoanza, waajiri wa sekta binafsi walichangia asilimia 1 ya mishahara na wa umma asilimia 0.5, kiwango cha binafsi kilishushwa hadi asilimia 0.6 Julai 2021, na hadi 0.5 Julai 2022, hatua iliyopokewa kwa shangwe kama nafuu kwa biashara. Huenda kilistahili kushuka. Lakini Mfuko unaokusanya kwa kila shilingi ya mshahara na kulipa kwa kila ajali iliyoripotiwa huonekana kuwa na uwezo mkubwa zaidi kadiri ajali zinavyoishia kwenye gari la fomeni, kwa hiyo wingi wa akiba yake peke yake hauwezi kuwa kipimo cha kwamba waliostahili wamelipwa. Kabla kiwango hicho hakijaguswa tena, takwimu za kuwekwa mezani pamoja na idadi ya semina zilizofanyika ni tatu: madai mangapi yalipokewa bila sahihi ya mwajiri, mangapi kati yake yalilipwa, na mangapi yalirudishwa kwa kukosa hati ya mshahara.